Siku Ile Mlikuwa Wangapi?

Fundi Spana alipima mara ya kwanza akacheka. Akapima mara ya pili, akakuna kichwa. Mara ya tatu aliifuta futi yake kwa kitambaa, kana kwamba ni grisi iliyokuwa inasema uongo.

"Dada," alisema, "miaka hii tisa ulikuwa unakula nini?"

"Ninachopika. Pima vizuri, acha maneno."

Dada yake alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ya zamani ya mbio, suti ya ngozi mwilini, helmeti kichwani, miguu yote miwili juu, huku mumewe akiwa ameishika mbele isianguke. Ndivyo inavyofanywa. Kabla mpandaji hajaingia uwanjani, fundi hupima springi ya nyuma inazama kiasi gani akikaa, maana ikizama mno pikipiki haikati kona. Zamani, watu walipokuwa wakimwita Radi, ilizama sentimita tatu. Leo ilizama sita. Kwa sita, alisema Spana, lazima wawe wawili, na pikipiki ile haikuwa hata na kiti cha nyuma.

"Springi imechoka, shemeji," alisema mume, fundi cherehani mpole asiyependa ugomvi.

"Springi mpya, shemeji. Jana nimeitoa kwenye boksi."

Kidoti, binti yao wa miaka minane, alikuwa anatembea juu ya ukingo mwembamba wa ukuta, mikono mfukoni. Hakuna aliyemwambia ashuke. Mtoto yule hakuwa ameanguka tangu azaliwe. Alijifunza kutembea bila kuanguka, akajifunza baiskeli bila kuanguka, na baba yake alijisifu kwa hilo kwa kila mteja aliyekuja kupimwa suruali.

"Mama amenenepa!" alipiga kelele Kidoti, wote wakacheka, na kipimo kikasahauliwa.

Radi hakurudi kutafuta kombe. Kwa miaka tisa alikuwa amegonga mihuri kwenye kaunta ya ofisi, na kila muhuri ulimzika kidogo. Aliacha mbio baada ya kuanguka kwenye kona ya saba, kisha akawa mama, kisha miaka ikapita bila hodi. Alipomwambia mumewe kwamba anataka kurudi, mume alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Nenda. Ila urudi mzima."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, uwanja mweupe. Mizunguko miwili ya kwanza alilia kwa furaha ndani ya helmeti, wala sioni haya kumsemea. Mzunguko wa tatu, alipoikaribia kona ya saba, alisikia harufu ya majani mabichi yaliyoungua na petroli, harufu ya siku ile hasa, ingawa majani ya pembeni yalikuwa ya kijani na hakuna aliyeanguka. Akapunguza mwendo. Ndani ya helmeti mtu husikia pumzi zake mwenyewe, naye alizijua zake, za haraka, za mtu aliyekaa kaunta miaka tisa; lakini nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na pumzi nyingine, nzito, isiyo na haraka, pumzi ya mtu aliyekaa kungoja na sasa amepata alichokingoja, na alipojaribu kujiambia kuwa ni upepo, mkono mmoja ukamzunguka kiunoni taratibu, ukamkaza juu ya ngozi ya suti kama mkanda, na pikipiki ikainama kwenye kona yenyewe, vizuri kuliko alivyowahi kuiinamisha maishani mwake.

Akakumbuka. Miaka tisa nyuma, pikipiki ikiteleza na ukuta ukimjia, alipiga kelele: "Yeyote aliyepo, shika! Usiachie!" Na kitu kilishika. Alivunjika mbavu mbili tu. Wote waliita bahati, naye akaiita hivyo hivyo.

Jioni ile mumewe aliitandaza suti mezani ili aipanue kiunoni. Alimpima mkewe kwanza, akafungua daftari lake la vipimo. Kiuno kilikuwa kilekile cha miaka tisa iliyopita. Ndipo alipoigeuza suti, akaita kwa sauti ya chini, Kidoti asisikie.

"Mama Kidoti. Njoo uone."

Upande wa kushoto wa kiuno, ngozi ilikuwa imedidimia. Vidole vinne. Alivipima, kwa kuwa kupima ndiko anakojua: kila kimoja sentimita kumi na nane.

"Nani amekushika?" alinong'ona.

"Sijui."

"Na huu ni mkono mmoja tu." Aliigeuza suti huku na huku. "Mkono wa pili uko wapi?"

Radi alimwambia habari ya pumzi na ile kelele ya kona ya saba. Hakumwambia yote.

Shangazi wa mume aliwapeleka kwa mganga, mama mnene mwenye miwani aliyekuwa mkunga wa hospitali kabla ya kustaafu. Chumba chake kilikuwa na makochi, feni, na ubani uliofuka ndani ya kopo la maziwa. Aliishika suti, akagusa alama kidole kwa kidole.

"Ulimwambia shika, usiachie," alisema. "Basi ameshika. Jini ni mtiifu kuliko mimi na wewe, mwanangu. Sasa niambie. Siku ile mlikuwa wangapi juu ya pikipiki?"

"Ile ni ya mtu mmoja, mama," alijibu mume.

"Nimemuuliza yeye."

Radi alitazama moshi. Siku tano kabla ya mbio zile, chooni, alikuwa ameona mistari miwili kwenye kipimo cha mimba. Alikitupa, akanyamaza, akapanda. Mbio zilikuwa za mwisho wa msimu, na alitaka moja tu ya kuagia. Mumewe hakujua. Kila wageni wakija aliwasimulia: "Tulijua mimba wiki moja baada ya ajali. Angejua, asingepanda, mke wangu namjua." Ni vigumu kumvua mtu sifa aliyokushonea mwenyewe. Naye alikuwa amekaa pale, goti lake likigusa la mkewe.

"Peke yangu," alisema.

"Mficha uchi hazai."

"Nilikuwa peke yangu, mama."

Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya. Mimi natoa kile ninachoonyeshwa."

Akamfukiza, akamnyunyizia maji, akampa maelekezo: asimame kona ya saba, ateremshe mguu wa kushoto, aseme maneno aliyomfundisha, kisha aondoke asigeuke nyuma.

Jumamosi alifanya hivyo. Alisimama kwenye kona, harufu ya majani yaliyoungua ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, akateremsha mguu, akasema kwa sauti iliyokatika katika, "Nimefika salama. Niachie. Shuka," na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila injini na moyo wake vikigombania sauti, kisha kidole kimoja kikalegea, kikafuata cha pili, na cha tatu, na cha nne, na pikipiki ikainuka nyuma yake kama kitanda mtu mzito anapokiondokea. Aliondoka bila kugeuka.

Gereji, Spana alipima. Sentimita tatu kamili. Akacheza ngoma na spana zake mkononi, na fundi cherehani akageukia ukuta afute macho.

"Na mimi!" alisema Kidoti. "Mjomba, nipime na mimi!"

"Haya, bingwa, panda."

Radi alishuka, mumewe akashika pikipiki mbele, Spana akampakia mtoto. Miguu yake haikufika popote. Spana akachuchumaa na futi, bado akicheka, maana mtoto wa umri ule hata sentimita moja ni tabu kuizamisha springi.

Kicheko kikaisha. "Tano," alisema. Akasogea karibu. "Sita. Dada, bado inashuka."

Kidoti aliangalia nyuma ya bega lake, bila woga, kama mtu anavyomwangalia aliyemzoea.

"Mama," alisema, "leo amenishika kwa mikono yote miwili."

Radi alipiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta. "Baba Kidoti, nisamehe," alisema. "Siku ile tulikuwa wawili. Nilijua."

Mumewe alimtazama. Vidole vyake vikalegea, akaiachia pikipiki.

Haikuanguka.