Mtoto wa Dada Orpah

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilianika nepi za Jimmy uani, na kila asubuhi jirani yetu, Mama Mariat, aliniuliza, "Gorreti, mdogo wako ameamkaje?"

"Salama, Mama," nilijibu. Uongo mtupu! Jimmy hakuwa mdogo wangu. Alikuwa mtoto wa dada yangu Orpah, mwenye miaka kumi na sita.

Tulipokuwa Jinja kila mtu alijua. Orpah alipata mimba akiwa kidato cha pili, na mwanamume aliyempa alihama mtaa kabla Baba hajamfikia. Baba ni polisi. Alipopewa uhamisho kuja Mbale na tukafika mtaa wa Namakwekwe, Mama alituketisha juu ya mizigo akasema, "Huku Namakwekwe hatujulikani. Mtoto ni wangu. Orpah atarudi shule na hakuna atakayemcheka. Mmenielewa?"

Mama alikuwa na nia njema, sibishi. Lakini jamani, uongo ule ulikuwa na kazi! Orpah alinyonyesha chumbani, mlango umefungwa. Mchana Orpah akiwa darasani, Jimmy alipewa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, na maziwa ya Orpah yakawa yanamvuja hadi akavaa sweta kwenye jua kali. Usiku Jimmy hakulala, basi na Orpah hakulala. Wenzake walipocheza netiboli, yeye alisinzia kando ya uwanja. Nilimwonea huruma, ingawa zile nepi zilinikera.

Jumamosi moja Mama alikwenda Jinja kwenye mazishi ya shangazi yake, na Baba alikuwa zamuni. Jimmy, mtoto wa miezi minne, akaanza kuhara na kutapika. Kufikia saa sita macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Mama Mariat alisikia kilio, akaja mbio.

"Mnamtazama tu? Twendeni kituo cha afya!"

Tulikodi bodaboda mbili. Muuguzi wa zamu, Sista Naigaga, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa. Alimfinya Jimmy ngozi ya tumbo, akatikisa kichwa.

"Amekaukiwa maji mwilini. Mama yake yuko wapi?"

"Ameenda mazishini," Orpah alijibu.

"Huyu mtoto ananyonya?"

Orpah alimtupia jicho Mama Mariat. "Hapana, Sista. Anatumia chupa."

Sista alikoroga dawa ya chumvi na sukari, akampa kwa kijiko. Jimmy akaitapika yote.

"Angekuwa ananyonya, ningekaa naye hapa hapa," Sista alisema. "Titi la mama ndilo lingemsaidia, pamoja na hii dawa. Sasa itabidi niwaandikie barua aende hospitali kubwa, na njiani sijui."

Hilo "sijui" lilinitia baridi. Nilifungua mdomo niseme kila kitu, lakini Orpah alinikanyaga mguu kwa nguvu. Kisha Jimmy akanyamaza. Hakulala, alinyamaza tu, kichwa kimelegea mkononi mwa dada yangu. Orpah akauondoa mguu wake.

"Sista, nimesema uongo. Mimi ndiye mama yake. Ananyonya asubuhi na usiku."

Nilifumba macho nikingoja matusi.

"Sasa umesimama nini?" Sista alisema. "Keti, umnyonyeshe!"

Mama Mariat alivua leso yake akamfunika Orpah mabegani. Jimmy alivuta kidogo, akapumzika, akavuta tena. Kila baada ya dakika chache Sista alimtilia kijiko cha dawa. Tulikaa hivyo mpaka alasiri, mimi nikiomba Mungu kimoyomoyo. Ghafla Orpah akaruka. Sketi yake ilikuwa imelowa.

"Amekojoa!" Sista alipiga makofi. "Maji yameingia mwilini!"

Orpah alicheka huku analia, nami nikalia pia. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Mama alifika kituoni jioni na vumbi la safari, baada ya majirani kumwambia tuliko. Orpah alimwambia yote, hata kuhusu chupa tulizoosha kwa maji yasiyochemshwa. Mama aliketi kando yake.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliogopa kuchekwa, nikamnyima mtoto titi la mama yake. Orpah, mimba ya utotoni mzigo wake ni mkubwa, umeuona. Ukiufichaficha unazidi kuwa mzito. Jumatatu nitakwenda kwa mwalimu mkuu, nimwombe uwe unakuja nyumbani mchana kumnyonyesha. Masomo huachi. Nawe Gorreti, mwanamume yeyote akikurubuni, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Sitakupiga. Nitakusikiliza."

"Nitakuambia, Mama," nilisema.

Sista Naigaga alileta kadi mpya ya mtoto na kalamu. "Jina la mama?"

Nje kwenye benchi walikuwa wamejaa watu wa Namakwekwe, na mlango ulikuwa wazi. Mama aliwaona.

"Orpah Wanyama," alijibu kwa sauti ya kusikika. "Mimi ni nyanya yake."

Nyanya wa miaka thelathini na saba! Alimchukua Jimmy akambeba, tukapita katikati ya wale watu wote, tukaenda nyumbani.