Picha ya Kichwa cha Bonge

Asubuhi za nyumba ile zilianza kwa kelele za Chiriku. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akipiga mswaki anaongea, akifunga viatu anaongea. Mdogo wake wa miezi tisa, aliyeitwa Bonge kwa ajili ya mashavu yake, alimsikiliza huku akicheka mpaka mate yanamtoka.

Lakini wiki ile Chiriku alikuwa kimya. Mama yake, fundi cherehani, alidhani anamwonea haya yaya mpya aliyeanza kazi Jumatatu. Wala! Yaya alikuwa msichana mchangamfu na Bonge alimzoea upesi. Chiriku alikuwa na lake moyoni.

Jumamosi iliyotangulia, kabla yaya hajaanza kazi, Mama alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Chiriku alimweka Bonge kwenye kigari chake cha kujifunzia kutembea, akamsukuma barazani mbio mbio. "Dereva, kanyaga mafuta!" Kigari kikapitiliza ukingo wa baraza, kikaporomoka kwenye ngazi na Bonge ndani yake. Kichwa kikagonga saruji, pu! Bonge alilia sana, Chiriku akambembeleza mpaka akanyamaza, mwishowe Bonge akacheka. Chiriku akashusha pumzi. Hakumwambia mtu.

Ijumaa ya wiki ile ya ukimya, alipotoka shule, alikuta mlango umefungwa. Jirani alimwambia kwamba Bonge ametapika tangu asubuhi, halafu analala tu, ndipo akakimbizwa hospitali. Chiriku alitupa mkoba akatimua mbio.

Aliwakuta kwenye korido. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, macho mekundu. Yaya alisimama peke yake ukutani, na mbele yake alikuwapo afisa wa ustawi wa jamii, mwanamume mwenye miwani, aliyeitwa na madaktari walioshuku jeraha kichwani.

"Mwanangu alikuwa mzima mpaka huyu alipokuja," Mama alisema.

"Mama, naapa, hata kumfinya sijamfinya," yaya alijibu.

"Kama kuna mtu amemwumiza mtoto, hili ni la polisi," afisa alisema.

Chiriku aliuliza Bonge yuko wapi. Aliambiwa kwamba Bonge amepitishwa kwenye mashine kubwa inayoona ndani ya kichwa, naye Chiriku akapata nafuu kidogo moyoni. Alijiambia kwamba mashine hiyo itaona yote: baraza, ngazi, hata mikono yake juu ya kigari. Picha ndiyo itakayosema, naye hatahitaji kufungua mdomo. Maskini, aliamini hivyo kabisa.

Daktari wa picha, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwaita wote mbele ya kioo cha kompyuta.

"Huu ni ubongo wa Bonge. Hapa pembeni, kati ya ubongo na fuvu, damu imevujia."

"Tangu lini?" afisa aliuliza. "Kabla ya Jumatatu au baada yake?"

"Kwenye picha hii damu mbichi huonekana nyeupe. Ikikaa hufifia, ikawa ya kijivu. Hii imeanza kufifia, kwa hiyo sidhani ni ya leo. Lakini kutaja siku, siwezi. Miili ya watoto haifanani, na picha haina kalenda."

"Na aliyemwumiza?"

"Hapa naona jeraha tu, ndugu yangu. Mtu simwoni."

Chiriku alimtazama yaya. Alikuwa akijifuta machozi kwa kile kitambaa cha kumfutia Bonge mate. Chiriku hakuweza kuvumilia tena.

"Ni mimi!" alisema, akaanza kulia. "Jumamosi. Kigari kilianguka kwenye ngazi. Dada hakuwepo kabisa, alikuwa bado hajaja!"

"Kichwa kiligonga upande gani?" daktari aliuliza taratibu.

Chiriku aligusa juu ya sikio lake la kulia. Daktari aliitazama picha tena, akatikisa kichwa kukubali. "Hayo yanalingana na ninachokiona."

"Nitakwenda kuziona ngazi hizo mwenyewe," afisa alisema, na baadaye kweli alikwenda, akaridhika.

Mama aliushika mkono wa yaya. "Dada, nisamehe. Hofu ilinipofusha."

"Nimeumia, mama," yaya alisema. "Lakini twende kwanza kwa mtoto."

Bonge alifanyiwa upasuaji mdogo, damu ile ikatolewa. Alipofumbua macho, Mama alimvuta Chiriku karibu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa ungenigombeza."

"Ningekugombeza, tena sana! Halafu tungemleta Bonge hapa siku ileile, na dada wa watu asingelia. Ukikosea, njoo uniambie hata kama unatetemeka. Kugombezwa kunapita. Haya, ongea na mdogo wako, amekosa sauti yako wiki nzima."

Chiriku aliinama. "Dereva," alinong'ona, "safari hii twende polepole, sawa?"

Bonge alicheka mpaka mate yakamtoka, na yaya akamfuta kwa kitambaa chake.