Tarehe ya Jumatano

Siku ya kwanza kuonana, binti mpiga picha alimrudisha kijana mmoja kitini mara tatu. Studio ilifurika vijana waliotaka picha za kitambulisho cha jeshi, na huyu, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kola imesimama, alifumba macho kila taa ilipomulika.

"Kaka, fumbua!"

"Nimefumbua. Uzuri wako ndio unaniumiza macho."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mpiga picha akauma midomo asicheke, akambandika jina papo hapo: Kope. Naye Kope akamwita Bi Taa, na kufikia picha ya nne alikuwa ameshapewa namba ya simu.

Walipendana miezi saba kabla Kope hajapelekwa vitani. Huko alipiga kila alipopata mtandao. Simu ya mwisho iliishia kwa ugomvi.

"Keshokutwa tunaingia, mpenzi. Karani wetu leo ametuandikisha barua za nyumbani, za kusema tumepona."

"Mmepona nini, na hamjapigana?"

"Baada ya vita mikono hutetemeka, Bi Taa, maandishi hayasomeki. Tunaacha nafasi ya tarehe. Anayerudi, karani anamjazia na kutuma."

"Na asiyerudi?"

Kope akacheka. "Yake haitumwi."

"Unafanya mzaha na roho ya mama yako?" Akakata simu. Ilipolia tena, hakupokea.

Siku ya kumi na moja, mama yake Kope aliingia studio akipiga vigelegele, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani.

"Mkwe wangu, amepona! Nitolee nakala sita, niwapelekee mashangazi zake. Walishaanza kunipa pole, wale!"

Binti akailaza barua kwenye mashine ya fotokopi. Mwandiko ulikuwa wa Kope, umenyooka kama wa mwanafunzi: *Mama, vita vimekwisha, mimi mzima, sina hata mchubuko.* Lakini tarehe ilikuwa ya wino mwingine, mkono mwingine. Jumatano. Na redio ilisema mapigano yalikoma Alhamisi.

Kidole chake kikabaki juu ya kitufe.

"Mbona hubonyezi, mkwe?"

"Furaha, mama. Imenisahaulisha."

Mama alipotoka, binti akapiga kambini. Mara ya tisa karani akapokea, naye akamuuliza kuhusu tarehe ile.

"Nisamehe, dada. Gari la posta lilikuwa linaondoka, barabara inafungwa. Nikajiambia, watarudi tu. Nikajaza tarehe zote."

"Wamerudi wote?"

"Hapana."

Binti akamtajia namba ya Kope jeshini. Karatasi zikapekuliwa upande wa pili.

"Hayumo kwenye waliorudi," karani akasema. "Hayumo kwenye waliokufa pia."

Siku nne alipiga picha za watu wanaotabasamu. Kila asubuhi mama alipita kumsomea barua ile, ambayo sasa aliijua kwa moyo, na kila binti alipotaka kusema kweli, aliishia kumkunjia karatasi.

Siku ya tano mchana, ikaita namba ngeni.

"Bi Taa. Bado umenuna?"

Akakaa sakafuni mbele ya wateja. Akalia, akamtukana, akalia tena. Kwa sauti iliyokauka Kope akamweleza: walikatiwa njia nyuma ya adui, wakajificha siku kumi na mbili kwenye ghala la nafaka. Waliingia kumi na wanane. Wametoka saba.

"Rudi nikuoe," binti akasema.

"Hayo si maneno yangu hayo?"

"Umechelewa. Unanikubali, hunikubali?"

"Nakukubali, mpenzi, hata leo. Ila keshokutwa tunarudi mstari wa mbele. Mapigano yameanza tena. Watu hawatoshi."

"Umeshaandika?"

Kope akaanza kumuuliza habari za studio.

"Kope. Barua umeshaandika?"

"Ninayo mkononi, nilikuwa nampelekea karani. Mama ana presha, akikosa barua..."

"Nitakaa naye mimi. Leo hii namweleza kila kitu, na nahamia kwake mpaka urudi. Ichane nisikie."

Magari mazito yalinguruma nyuma ya Kope. Kisha, karibu kabisa na simu, karatasi ikachanika taratibu, mara moja, mara mbili.

"Sasa nisiporudi hamtapata chochote," Kope akasema.

"Hatutaki chochote. Tunakutaka wewe."

Simu ikakatika. Binti akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akawaomba radhi wateja, akafunga studio mchana kweupe na kushika njia ya kwa mama, akipanga maneno ya kuanzia na kuyapangua.