Aliyejaza Hesabu

Watu kumi na wanne walivuka mito miwili siku ile, na mito yote miwili ilikuwa imejaa, kwa hiyo waliposhuka mlimani na kukaa kwenye benchi la getini kila mmoja alikuwa anakamua soksi zake. Kila mmoja isipokuwa mzee aliyekaa mwisho wa benchi, mikono juu ya magoti. Viatu vyake vilikuwa vikavu kabisa.

Aliyeviona viatu vile alikuwa mkwe wake. Kazini walimwita Mkia, na jina lilimkaa kwa sababu kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kundi likipanda milima ile ya misitu, kiongozi hutangulia na hadithi zake nyingi, naye Mkia hufunga safu. Anayechoka, anayejikwaa, anayejifanya anapiga picha kumbe pumzi imekata, wote ni wake. Sheria yake ni moja, na hata wapishi wa kambini wanaijua: mtu asibaki nyuma ya mkia.

Na Mkia alikuwa amemwacha mtu nyuma. Alikuwa amemwacha mzee huyo huyo aliyekaa benchini.

Tusimpakazie ubaya asiokuwa nao. Baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa hajawahi kumwita mkwe kwa miaka sita ya ndoa. Alimwita "yule wa nyuma." Alikuja kukaa kwao wiki moja, binti yake akambembeleza apande mlima akaione kazi ya mumewe, na tangu getini mdomo wake haukupumzika. Kwenye mto wa pili, wakirudi, alikaa juu ya jiwe, akawaambia wageni waliokuwa karibu, "Mimi nimefundisha watu wakawa madaktari. Binti yangu kaniletea mtu ambaye kazi yake ni kutazama migongo ya wenzake."

Wageni wakacheka. Mkia naye akacheka, maana angefanyaje. Mzee akasema miguu imegoma, watangulie, atakuja. Mkia, roho ikimchemka, akasema moyoni: haya, kaa hapo uonje. Akatembea mpaka nyuma ya kona, dakika kumi tu, ili mzee ajue umuhimu wa mtu wa nyuma. Ukungu ukashuka. Aliporudi, jiwe lilikuwa tupu. Aliita mara tatu kwa sauti ndogo, akiogopa wa mbele wasijue kwamba kapoteza mtu. Hapo simu ya upepo ikakoroma kifuani pake.

"Mkia, wote wapo?" kiongozi aliuliza.

Aibu ilimkaba. Aliwaza atampata kabla ya getini na hakuna atakayejua.

"Wote wapo," akajibu.

Getini kiongozi alihesabu benchi zima, akapata kumi na wanne. Mkia alipomwona mzee pale mwisho, alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akaona viatu. Akaviangalia, akageuza uso. Shukrani ilikuwa kubwa mno, hakutaka kuuliza.

"Mkwe wangu," mzee alimwambia njiani kuelekea nyumbani, akimshika mkono. "Umenileta salama."

Jioni ile alirudia maneno hayo mbele ya binti yake, akasema mume kama huyu ni wa kushukuru Mungu. Binti akaenda jikoni kulia machozi ya raha. Mkia alikaa kwenye kochi, kichwa kimevimba. Alisikia harufu iliyomtoka mzee, ya majani yaliyooza chini ya maji. Aliona pia chakula kikipungua sahanini bila mzee kutafuna. Lakini miaka sita ni mingi, na sifa ni tamu. Jua lilipozama mzee aliingia chumbani kwake na kufunga komeo, na nyuma ya mlango ule hapakusikika kukohoa, wala kitanda kulia, wala pumzi.

Kesho yake Mkia alikuwa ofisini getini akipanga filimbi ndani ya kisanduku. Kila mpandaji hupewa moja. Ukipotea unapuliza mara tatu. Moja ilikosekana. Alipokuwa anaitafuta chini ya meza aliisikia, mbali, kutoka bondeni. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

"Nani yuko chini?" kiongozi aliuliza. "Leo hatuna kundi."

"Ni ndege," Mkia alisema. "Kuna ndege analia hivyo."

Kiongozi alimwamini, kwa sababu nani anayajua mambo ya nyuma kuliko Mkia. Naye alirudi kupanga filimbi. Alijua ni filimbi ya nani. Kama angesema, angelazimika kusema na yale ya mto wa pili, na mke wake angeyasikia. Akajiambia labda ni ndege kweli. Siku ya pili ndege alilia kwa udhaifu zaidi. Siku ya tatu alilia mara mbili, na ya tatu haikuja.

Siku hiyo ya tatu alikuta mke wake amesimama nje ya nyumba, bado kavaa aproni, akimsubiri.

"Usiingie kwanza," alinong'ona. "Nimemuuliza baba twende lini kulisafisha kaburi la mama. Ameniuliza, mama ni nani."

"Uzee huo."

"Mume wangu, huyo si baba yangu." Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Nimemwita mtu."

Mganga alikuwa mama mfupi mwenye miwani na mfuko wa plastiki. Ungesema kaja kusoma mita ya maji. Hakuchoma kitu wala hakuimba. Alikaa akimtazama mzee, na mzee akamtazama yeye, akitabasamu, na ile harufu ikaanza kupanda kutoka kwenye zulia, ikapanda mpaka magotini, ikapanda mpaka vifuani, mpaka Mkia akahisi amesimama tena ndani ya mto ule wenye baridi, maji yakivuta miguu yake na ukungu ukimfunga macho, na mbele yake tabasamu la baba mkwe limekaa pale pale, halipanuki wala halipungui, kama picha ya ukutani.

"Huyu hakuvamia," mganga alisema taratibu. "Hawa wa mtoni hupenda nafasi ya mtu iliyoachwa wazi. Kuna aliyesema mtu yupo, na mtu hayupo. Aseme kweli, yote, na huyu ataondoka."

Mke alimgeukia mumewe. Mkia alitazama sakafu.

"Nilimpoteza," alisema. "Kwenye mto wa pili. Ukungu ulishuka ghafla nikampoteza. Niliona aibu, nikasema wote wapo."

"Ndiyo yote?" mganga aliuliza.

Ile kona ilimjia, na zile dakika kumi, na jinsi alivyotembea huku akitabasamu.

"Ndiyo yote."

Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeona akiinuka. Juu ya mto wa kiti palibaki maji na majani meusi, na mganga aliyatazama kwa muda mrefu, hana furaha hata kidogo.

"Siku tatu," mke alisema. Hakupaza sauti. "Siku tatu unakula na mimi, na baba yangu yuko porini."

Walipanda jioni ile ile na kiongozi na watu wengine sita, wakamkuta kulipopambazuka, hatua arobaini chini ya jiwe, ndani ya pango dogo. Mguu ulikuwa umevunjika, midomo imepasuka, lakini alikuwa hai. Alikuwa amelazwa juu ya majani makavu yaliyotandikwa vizuri. Kando yake palikuwa na jani pana lililokunjwa, limejaa maji.

"Baba," Mkia alisema, akapiga magoti. "Nimekuja. Mkwe wako."

Mzee alimtazama usoni, akarudisha kichwa nyuma.

"Siye huyu," aliwaambia wengine. "Mkwe wangu ametoka hapa sasa hivi, kaenda kuchota maji. Kila usiku amekaa na mimi. Msubirini kwanza."

Wakasema ni homa. Wakambeba, naye njia nzima alikuwa anageuza shingo kutazama nyuma, nyuma ya Mkia, ambako hakukupaswa kuwa na mtu.

Hospitalini alikuwa na nafuu, isipokuwa kila Mkia alipoingia wodini mzee alijifunika shuka mpaka kichwani. Muuguzi akamshauri akae nje kidogo. Ndivyo alivyokuwa mchana ule, kwenye benchi la koridoni, mlango uko wazi kiasi, alipomsikia mzee akicheka. Halafu akamsikia anayemchekesha. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya kwake kabisa, na ikafuata harufu ya mto.

Mlango wa upande wa pili wa wodi ulifunguliwa. Mke wake alikuwa ameingia na chakula.

"Kumbe uko huku, mume wangu," alisema, kwa upole ambao Mkia alikuwa hajausikia tangu siku ya kiti.

"Njoo ukae," sauti ilisema. "Kuna jambo sikukwambia. Sikumpoteza baba. Nilimwacha makusudi. Alinidhalilisha mbele ya wageni nikataka aogope kidogo, na niliondoka huku natabasamu. Nisameheni wote wawili."

 Mke wake akaanza kulia, na mzee akasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Mlango ulikuwa hatua mbili tu. Mkia alishika ukingo wa benchi ili ainuke, akatafuta la kwenda kusema, akaona yote yamekwishasemwa. Akakaa. Baada ya muda muuguzi mwingine alipita, akasimama mbele yake, akamuuliza kama kuna mgonjwa anayemsubiri.

"Hapana," Mkia alisema. "Sina mtu."