Mchumba Wangu Alivyosoma Orodha Yangu ya Usajili Mbele ya Bosi

"Jina la kwanza… BOAZ!"

Sauti ilikuwa ya Ayubu, mchumba wangu, kashika maiki mbele ya bosi na mashabiki kibao.

Na orodha aliyokuwa anaisoma ilikuwa YANGU!

Jamani! Nikakaa pale pale kwenye zege la jukwaa.

Naitwa Zipora. Naponda mawe ya dhahabu Rwamgasa, mwaka wa tisa huu. Na tangu Karasha ianzishwe, timu yetu ya kulipwa ya kikapu hapa Geita, sijakosa mechi ya nyumbani hata moja.

Timu ilikuwa imeoza! Wachezaji wanatembea uwanjani utadhani wametumwa chumvi.

Bosi wa timu, Mzee Masalu, mwenye mashimo yake ya dhahabu, akatangaza: yeyote mwenye mawazo ya kuboresha kikosi ayalete. Atakayeshinda anapewa kazi ya mshauri wa usajili.

Kazi, jamani! Niachane na nyundo na vumbi, nilipwe kwa kitu ninachokijua!

Nikapanga majina kumi na mawili kwenye daftari. Wachezaji wetu, na wa nje niliowafuata mwenyewe hadi viwanja vya vumbi kule Ushetu. Majina matupu, maelezo yote yako kichwani. Nikalificha kwenye begi la nguo, maana Ayubu ni mchezaji wa Karasha. Sikutaka aseme nampendelea wala namuonea.

Kumbe bwana yule kalipekua na kulipiga picha!

"Boaz aongezewe mkataba, awe nahodha," akaendelea, kifua mbele.

Boaz! Lijitu refu namna ile, lakini kuruka haliwezi hata kamba ya watoto!

"Na hawa wa huku mwishoni, huyu Mageni wa Ushetu na wenzake… hatuwahitaji."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kelele. Nikaufunga.

Soma, baba. Soma mpaka koo likauke.

Mashabiki wakaguna. Lakini Mzee Masalu akatikisa kichwa kukubali, maana Ayubu ana shati limenyooka na maneno matamu. Kazi akapewa yeye.

Nikamsubiri getini.

"Ayubu, umeniibia."

"Nani ataamini mponda mawe kapanga kikosi? Kaoshe mikono kwanza, Zipora."

Nililia njia nzima kwenye bodaboda mpaka Rwamgasa. Siwafichi, niliumia.

Mechi ya kwanza, tukapigwa. Ya pili, tukapigwa. Ya tatu, aibu. Ya nne tuko nyumbani, tukafungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na nne! Nahodha Boaz alipata ribaundi mbili, na moja ilimdondokea tu mkononi.

Jumatatu asubuhi nikaitwa ofisini kwa Mzee Masalu, na niende na daftari langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Kaa, mama. Huyu bwana anasema haya yote ni makosa yako."

"YANGU?!"

Ayubu alikuwa kwenye kona, shati limelowa jasho.

"Mzee, aliyeandika ni yeye! Mimi nimesoma tu!"

Mmeona mwanaume huyo? Kazi ilipokuja, orodha yake. Vipigo vilipokuja, ya Zipora!

Nikatoa daftari. Mzee akavaa miwani, akalitazama. Halafu kidole chake kikashuka hadi jina la mwisho, kikaanza kupanda kwenda juu, taratibu.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi mama yangu alinilea kwa kuponda mawe," akasema. "Ayubu, kwenye mfuko wa mponda mawe, jiwe lenye mali linakaa wapi?"

"Si… juu, mzee?"

Mtoto wa mjini huyo! Mchumba wa mponda mawe, miaka miwili, na hajawahi kuuliza hata siku moja nafanya kazi vipi!

Wasomaji, sisi jiwe zuri tunalizika chini kabisa ya mfuko. Juu tunatandaza magwangala, mawe yasiyo na kitu, ili mdokozi akifungua aone takataka aende zake. Mkono wangu umeshazoea. Hata vitenge sandukuni navipanga hivyo. Na majina je?

"Umesajili magwangala," Mzee akamwambia, "mali ukaitupa."

Ayubu akalivuta daftari. Macho yakashuka mpaka mstari wa mwisho, chini ya Mageni, chini ya wote.

Jina lake.

"Zipora… kwa hiyo mimi huku chini…"

"Nilitaka timu nzima ijengwe juu yako."

Akaanza kulia!

"Nilidhani umeniona wa mwisho! Nilidhani unanidharau! Nilikasirika, ndiyo maana nikaichukua, jina langu nikaliruka…"

"Si ungeniuliza? Kuuliza kungekukata ulimi?"

"Ungeandika vizuri, haya yote yasingetokea!"

Eti ningeandika vizuri! Nilimpenda mtu huyu, kweli kabisa. Lakini pale, kamasi zinamtoka na bado anasubiri mimi ndiye nimuombe radhi, mapenzi yakaniisha yote.

Mzee Masalu akanisogezea kalamu.

"Mshauri wa usajili ni wewe, mayu. Orodha ibaki hivi hivi?"

"Kuna marekebisho kidogo, mzee."

Nikalikata jina la Ayubu pale chini. Nikaliandika upya juu kabisa ya ukurasa.

Juu ya Boaz!

Nyie mnaopekua madaftari na simu za wapenzi wenu mkitafuta mmewekwa nafasi ya ngapi, muulizeni mwenyewe, awajibu kwa mdomo wake. Ukijisomea kwa wizi utaelewa upuuzi wako tu.

Mimi kesho naenda Ushetu kumfuata Mageni. Ayubu, najua unasoma hapa. Pete yako nimemwachia mlinzi wa getini, ukaichukue.