Uso Ulioagizwa Karakanani

Sogeeni karibu, ndugu zangu, na wenye ndoa msogee zaidi. Nataka kuwasimulia habari za nyumba moja iliyokuwa ikisifiwa mtaa mzima, na jinsi ilivyobomoka mchana kweupe, watu wakiwa mezani.

Ilikuwa nyumba ya amani, tena amani ya kuonewa wivu. Asubuhi mume na mke walikunywa chai kibarazani, ndege wakilia, jua likipanda polepole. Mume alikuwa mpima ardhi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, majirani walimbandika jina la Bwana Taratibu. Mke walimwita kwa kazi yake, Msusi. Binti yao mmoja, muuguzi, alikwisha kuhamia kwake. Ungepita pale ungesema hawa wamebarikiwa.

Lakini kukosa kelele si kuelewana, jamani. Bwana Taratibu alikuwa hajamuuliza mkewe neno la maana kwa miaka. Msusi alipofunga saluni yake na kuajiriwa kwenye karakana ya roboti, alimweleza mumewe kila kitu. Mume akajibu, "Vizuri, vizuri," akafunua ukurasa wa gazeti. Tangu hapo alijua tu kwamba mkewe yuko "kule kwenye manywele yake." Nywele za nani, hakutaka kujua, na uvivu huo wa kusikiliza ndio uliomponza.

Karakana ile ilitengeneza roboti wa sura za watu. Si yale madude ya bati mnayoyaona kwenye maonyesho. Hawa walikuwa na ngozi ya mpira laini, mishipa inayoonekana kwa mbali, na macho yanayokufuata ukipita. Kazi ya Msusi ilikuwa kupandikiza nywele kichwani, unywele mmoja mmoja kwa sindano, kuanzia kisogoni hadi kwenye komwe. Alizipenda zile sura, asiwadanganye mtu. Zilikuwa nzuri, hazina uchovu wala chunusi. Ila hakuna fundi pale aliyefanya kazi bila kukifunika kichwa kitambaa machoni. Ukisahau kukifunika, unajikuta unakiomba radhi kila ukichoma.

Siku moja kikaletwa kichwa kipya mezani pake, pamoja na picha ya kumwonyesha mtindo wa nywele anaoutaka mteja. Msusi aliishika picha, akaitazama, akavuta kiti akaketi.

Alikuwa ni yeye. Yeye wa mwaka wa kwanza wa ndoa, na mistari aliyojisuka mwenyewe mbele ya kioo. Mumewe alikuwa amejiondoa kwa mkasi kwenye picha ile, lakini mkono wake ulibaki begani pa mke, na saa ileile anayoivaa mpaka leo. Msusi akaondoa kitambaa. Uso wake wa usichana ukamtazama, na pua yake, na kidoti chake cha shavuni.

"Huyo mteja msumbufu kweli," alisema fundi wa meza ya jirani. "Sauti kaileta mwenyewe kwenye mkanda wa harusi. Na chini ya kidevu tulimwekea kovu kama la kwenye picha, akatuma ujumbe tulifute, eti linamharibia."

Kovu hilo Msusi alilipata alipoteleza na ndoo ya maji, akimkimbilia mumewe aliyekuwa hoi kwa homa. Hakulia. Alikifunika kile kichwa, akatia unywele wa kwanza kwenye sindano.

Jioni alimtengea mume chakula, akaketi mbele yake.

"Mume wangu, kuna kitu unakikosa humu ndani?"

"Kitu gani tena? Niko sawa."

"Kama kipo niambie. Hata kiwe kibaya, leo nitakusikiliza."

"Umechoka, mke wangu. Hayo manywele yanakuchosha akili. Kapumzike."

"Na mimi huniulizi kama kuna ninachokikosa?"

Bwana Taratibu alikwisha kurudi kwenye simu yake. Msusi akaondoa vyombo, na moyoni akawa ameshaamua.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Wenzake wakadhani anatafuta cheo. Kumbe alikuwa anachoma na kuapa, anachoma na kuapa. Alitaka uso ule uwe wake kabisa, asipatikane mtu duniani wa kusema labda wamefanana tu. Wapo watakaosema mwanamke huyu alikuwa na roho mbaya. Mimi simo. Aliyeibiwa uso wake anajua mwenyewe anachodai.

Kazi ilipokamilika, alimwendea dereva wa karakana.

"Kaka, mzigo huu usiupeleke kule alikosema mteja. Ulete kwangu, Jumapili mchana."

"Dada, unataka nifukuzwe kazi?"

Msusi akafungua sanduku, akasimama kando ya kile kichwa. Dereva akautazama uso wa sandukuni, akautazama wa Msusi.

"Mteja ni mume wangu," alisema Msusi.

"Jumapili saa ngapi?" akauliza dereva.

Jumapili hiyo Msusi aliwaalika watu chakula cha mchana: mama mkwe wake, kaka yake mkubwa na binti yake. Mume alikuwa ametoka tangu asubuhi, eti kuna kiwanja cha kupima. Kumbe alikuwa kwenye chumba alichokipanga kwa siri, roho juu, akisubiri mzigo wake.

Dereva alipoleta sanduku, Msusi aliliketisha lile roboti mezani, kichwa na mwili wake. Mgeni wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa umri. Akaketi mezani karibu na aliyedhani ni mkamwana wake.

"Hujambo, mwanangu? Leo umependeza, kama siku ile tuliyokuja kukuchukua kwenu. Mbona umeninunia? Nimekukosea nini?"

"Niko huku jikoni, mama," akaitika Msusi.

Bibi akaugusa ule mkono uliokuwa mezani, akauachia upesi. "Kitu gani hiki? Kina joto!"

"Subiri mwanao aje, mama. Atakueleza yeye."

Kaka na binti walipofika, hakuna aliyeweza kula. Walikaa wakiutazama ule uso, wakiona haya kuutazama, kisha wakiutazama tena. Mwisho mlango ukafunguka, Bwana Taratibu akaingia amenuna kwa mzigo uliomkosa.

"Kuna wageni?" akauliza.

Lile roboti lilitegwa liamke kwa sauti yake, na maneno ya kusema aliyaandika mwenyewe alipoliagiza. Likageuza shingo, likatabasamu, na kwa sauti ya bibi harusi likasema, "Karibu, mpenzi wangu. Pole na kazi. Kile kizee chako kimekuudhi nini tena leo?"

Bwana Taratibu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mjibu," alisema Msusi akitoka jikoni. "Kizee chenyewe kiko hapa, kinasikiliza."

"Mke wangu, taratibu... ni mashine tu. Sikutaka mwanamke mwingine. Ndiyo maana nilikutengeneza wewe."

"Ungeleta mwanamke, ningemtukana, yakaisha. Umeniletea mimi. Nimtukane nani?"

Binti alisimama, machozi yanamtoka. "Baba, mama tulikuwa naye humu ndani siku zote. Ulikuwa unamtafuta wapi?"

"Usijali, mpenzi," likasema roboti, limemkazia macho mume. "Wewe huna kosa."

"Linyamazishe!" alifoka kaka yake Msusi, na Bwana Taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapiga kelele: "Nyamaza!" Lakini kadiri alivyolipigia kelele ndivyo lilivyozidi kumbembeleza.

Mama yake akainuka. "Nimekuzaa nikakulea, leo unanitia aibu uzeeni. Mkamwana, nishike mkono tuondoke."

"Ngoja kidogo, mama. Kuna kitu changu hapa."

Msusi akapeleka vidole nyuma ya masikio ya lile roboti, kwenye vishikizo ambavyo fundi peke yake ndiye anayevijua. Akaubandua uso wote, taratibu, kama mtu anavyovua foronya kwenye mto. Chini yake palibaki chuma, nyaya, na mboni mbili za kioo zisizo na kope.

"Umelipia mwili, kaa nao," alimwambia mumewe. "Uso ni wangu."

"Mke wangu, nakuomba! Nihurumie!"

"Wewe huna kosa, mpenzi," kikajibu kile chuma, meno yakigongana.

Waliondoka wote pamoja. Kwa kaka yake, Msusi aliukatakata ule uso kwa mkasi, akautupa jalalani, akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu siku ya ile picha.

Bwana Taratibu je? Homa yake ya zamani ilimrudia akiwa peke yake na lile dude. Aliomba maji, likamwambia pole. Aliomba msaada, likamwambia anapendwa. Jirani ndiye aliyemwokota sakafuni. Alipopata nafuu alikwenda kusimama getini kwa shemeji yake, amekonda, anaomba aonane na mkewe. Msusi alimtazama kupitia dirishani, akarudi kwenye kazi yake. Hakutoka siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

FUNZO

Ndugu zangu, mashine hizi zinavutia, na zitazidi kuvutia. Zitakuchekea, zitakusifu, zitakuambia huna kosa hata siku unapokufa kwa makosa yako. Mwenzi anayezeeka nawe ana makovu, na mengine aliyapata kwa ajili yako. Ukiyafuta, umemfuta yeye, na usitarajie atakuja kukupa maji. Wala usichukue sura ya mtu au sauti yake bila kumwomba, hata kama mnalala chumba kimoja. Muulize mwenzio leo kazi yake imekwendaje. Akishangaa kuulizwa, ujue umeshachelewa.