Vidonge vya Bi Mwanne

Chumba cha nyuma, stoo ya nyavu, Ujiji. Joto. Gharib alichora sakafuni kwa chaki: geti, varanda, chumba cha dawa. Kliniki ndogo Katubuka, inayojaribu dawa mpya. Ijumaa mlinzi huenda msikitini, nesi Yunisi hubaki peke yake. Haruna atagonga, maana anafahamika pale. Ndiye humleta mama yake kwa bodaboda. Dismasi atasubiri na boti. Mteja wa dawa yuko ng'ambo ya ziwa.

Ndiyo, Haruna ndiye aliyeuza siri. Mama yake, Bi Mwanne, aliharisha damu mwaka mzima, mpaka vidonge vile vya jeli vikamwinua kitandani. Mwanawe akaona dili. Mtu gani huyo? Eti alikuwa na sharti: dawa ya mama itolewe kwanza, kabla ya kuuzwa.

"Itatoka," Gharib alisema. "Wallahi."

Adhuhuri.

Yunisi alifungua mlango akitabasamu, akauliza mama anaendeleaje. Haruna alimsukuma chooni, akafunga komeo la nje. Hakumtazama usoni. Gharib alibeba sanduku zima la vidonge. Dawa ya mama je? Watachambua botini, akajibiwa. Haruna akafuata kama bwege.

Alasiri.

Boti ya doria ilitokea upande wa Kigoma. Magendo ya ziwa hili yana desturi yake, na Dismasi ameizeekea: ukiona doria, funga mzigo jiwe, zamisha, acha boya, jifanye unavua. Vitenge utavianika, madumu hayadhuriki. Akalitoboa sanduku lizame upesi.

Haruna alijua. Siku mama alipoogopa kumeza, Yunisi alimweleza kwa subira: tumboni, kwenye asidi, jeli hujikunyata na kuibana dawa. Ikishuka utumbo mpana, ambako asidi imekwisha, inavimba na kuiachia kidogo kidogo. Akaonya vidonge visiguse maji ya ziwa, maana yana magadi, kinyume cha asidi, vitavimba vyote kabla ya kumezwa.

Neno moja lingetosha. Lakini doria ilikuwa karibu, na Haruna aliogopa pingu. Alimwona Dismasi akiachia kamba, akanyamaza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na bado akanyamaza.

Doria walizima injini, wakaomba migebuka ya kitoweo, wakapiga soga weee. Walipoondoka, sanduku lilivutwa. Pakiti zilikuwa zimepasuka. Kila kidonge kilikuwa kimevimba, kinateleza, laini kama ute wa bamia. Dawa yenyewe ilikwishakwenda na maji. Gharib alimtukana kila mtu isipokuwa nafsi yake, kisha akamshusha Haruna ufukweni, boti ikatokomea.

Magharibi.

Yunisi, aliyefunguliwa na mlinzi aliporudi msikitini, alikuwa ameketi nyumbani kando ya kitanda cha Bi Mwanne, amemshika bega.

"Shikamoo, mama," Haruna alisema akiingia.

"Marahaba, mwanangu." Mama alimshika mkono. "Umesikia? Dawa zimeibwa zote. Hivi watu hao hawana mama?"

Haruna alitamani ardhi ipasuke. Alipoinua uso, macho ya Yunisi yalikuwa yakimsubiri.

"Sijamwambia," Yunisi alisema. "Polisi wako uani. Nimewaomba wakuache umwambie mwenyewe."

"Aniambie nini?" mama aliuliza.

Haruna alipiga magoti.

"Mmoja wao anaye mama," alisema. "Ni wewe."

Bi Mwanne akauchomoa mkono wake, akauingiza chini ya shuka.